Jicho la Samaki Mwekundu na Jina la Bakari Msa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kilindi kisichofikiwa na mchana, na hakumwacha kiumbe wake humo bila jicho linalomfaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wake wote. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa meno manne yaliyobaki, na kwa macho haya ambayo bado yanasoma msahafu bila miwani ikiwa dirisha liko wazi.

Baada ya shukrani hiyo, wanangu, naomba mnivumilie, maana ninaandika nikiwa na hasira.

Wiki iliyopita nilipita soko la samaki hapa Mutsamudu. Mkaguzi kijana, shati limepigwa pasi vizuri, alisukuma kichwa cha samaki kwa ncha ya kalamu akasema, "Macho yametoka nje. Huyu wa baruti." Hakumgeuza. Hakumfungua mdomo. Hakuuliza kavuliwa wapi. Mwenye samaki akaanza kujieleza, na kijana alikuwa ameshahamia meza nyingine.

Nikamfuata. "Mwanangu, umeandika nini pale?"

Akanitazama kama unavyomtazama mzee aliyepotea njia ya msikiti. "Nimeandika nilichokiona, Bakoko."

Bakoko ni babu, kwa lugha yetu. Aliniita kwa adabu, Mungu ambariki. Lakini maneno yale, nimeandika nilichokiona, niliwahi kuyasema mimi kwa kinywa changu, na mtu akafungwa kwa sababu ya hayo. Nilirudi nyumbani, nikaswali, nikasukuma sahani kando. Ndipo nikachukua karatasi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu baba yangu alikuwa mfanyabiashara aliyetusomesha lugha hii, na kwa sababu najua wakaguzi vijana wako pwani yote, si hapa visiwani tu. Kalamu ni zile zile kila mahali.

Nilikuwa mkaguzi wa samaki kwa zaidi ya miaka thelathini. Sitawaeleza yote. Mengi ni harufu.

Aliyenifundisha kutazama jicho la samaki ni Fundi Darweshi, aliyekuwa na banda dogo la serikali ufukweni hapa Mutsamudu. Siku ya kwanza alinipa jiwe lililolowa maji. "Nini hiki?" Nikasema ni jiwe. "Ndiyo maana hujaajiriwa bado," akasema. "Tazama vizuri." Juu ya jiwe palikuwa na kitu kama zulia la zambarau: mayai ya wale samaki wadogo wenye milia, ambao dume hukaa kuyalinda na kukuuma vidole ukisogea. Kila asubuhi nilitazama jiwe lile ndani ya ndoo. Siku chache baadaye zambarau ikapauka, na ndani ya kila yai yakatokea madoa mawili meusi. Nilishtuka nikarudi nyuma. Yai lilikuwa linanitazama.

"Mungu huanza na jicho," akasema Fundi Darweshi. "Mdomo hauna kazi kama hujui chakula kiko wapi."

Wale wanaotaga mayai yanayoelea baharini, akaniambia, watoto wao hutoka hata macho hayajapata rangi, kama matone ya kioo. Siku mbili tatu wanaishi kwa kiini cha yai, na kiini kinapokwisha jicho linakuwa limeshaiva, limekuwa jeusi, na hapo ndipo mdomo unapofunguka. Jicho likichelewa, mtoto anakufa njaa katikati ya chakula.

Hilo nililithibitisha kwa ujinga wangu. Vifaranga wa lile jiwe walipotoka, niliona jua kali, nikawahurumia, nikafunika ndoo kwa gunia zito. Niliwatilia maji mapya ya bahari yaliyojaa vijidudu vya kula. Siku ya tatu wote walikuwa chini, wamekufa. Fundi Darweshi hakunifokea. Aliniuliza, "Wewe ukila, unafumba macho?" Jicho la mtoto wa samaki, akaeleza, ni jicho la mwangani. Nyuma ya jicho kuna utando wenye chembe za aina mbili: moja ya mwanga mwingi na rangi, nyingine ya giza. Mtoto huanza na zile za mwangani, kwa sababu huishi karibu na juu ya maji. Zile za giza huongezeka baadaye, anapokua na kushuka. Na jicho la samaki haliachi kukua; maisha yake yote huongeza chembe pembeni, duara juu ya duara. Anakoishi ndiko kunakoliumba jicho lake. Samaki hawezi kulificha hilo, na hawezi kuliazima kwa jirani.

Niliandika vifaranga wangapi wamekufa, kwa jeuri ya mtu anayependa kuandika. Hiyo jeuri ndiyo nitakayowaeleza sasa.

Mwaka 1978 askari wa kukodiwa, wazungu, waliingia visiwani wakaiangusha serikali, na wakakaa zaidi ya miaka kumi. Ninyi mmesoma hayo kwa mistari miwili shuleni. Sisi tulipishana nao vichochoroni. Nilihamishiwa Moroni wakati huo, nina miaka ishirini na sita, kijana wa Nzuani, kisiwa chetu hiki, katika mji wa Wangazija, watu wa kisiwa kikubwa cha Ngazija, na lafudhi yangu ikawa kichekesho cha soko zima. Ukiagiza chumvi kwa lahaja ya kwetu, watu wa Moroni huita jirani zao waje wasikie.

Soko lilikuwa chini kidogo ya Badjanani, mji wa kale. Mmoja wa wale askari, ofisa mnene mwenye fimbo, alikuja kila siku kuchagua samaki. Alichokonoa kila samaki kwa fimbo na kudai barafu mahali ambapo hata maji ya kunywa yalitoka kwenye birika la mvua. Wanawake wa soko wakamwita Bwana Barafu mbele ya uso wake, huku wakitabasamu, na yeye akadhani ni heshima.

Kabla sijapewa kituo kile nilipelekwa mafunzo ya wiki tatu. Tulipewa karatasi yenye dalili za samaki aliyevuliwa kwa baruti, na dalili ya kwanza ilikuwa: macho kutoka nje. Ya pili: matumbo kusukumwa. Karatasi ile iliandikwa na mtu wa nchi ambayo bahari yake ni ya kina kifupi mpaka uchoke kutembea. Huku kwetu kisiwa ni mlima uliosimama ndani ya maji. Ukipiga kasia mara chache kutoka ufukweni, chini yako hakuna kitu ila giza. Mwandishi wa karatasi hakulijua hilo, na mimi niliyelijua tangu utotoni sikulikumbuka, kwa sababu karatasi ilikuwa na muhuri.

Sasa sikilizeni ile Ijumaa.

Katika msikiti wa kale wa Ijumaa, Moroni, watu wana mahali pao. Wazee waliokwisha kufanya ile harusi kubwa ya mji, inayompa mtu cheo, wana safu zao, na mgeni hukaa nyuma. Mimi nilikuwa nimefanyiwa hisani. Mzee mmoja aliyesoma na mwalimu wangu wa Qurani alinikaribisha safu ya pili. Wanangu, nafasi ile ilinilevya. Nilikuwa nikiomba Mungu anipe unyenyekevu, huku nikipeleleza kwa pembe ya jicho nani ameniona nimekaa pale.

Ijumaa ile wavuvi walichelewa kurudi. Adhana ya kwanza ilikuwa karibu, na mezani kwangu palikuwa na samaki wakubwa wekundu watano, macho yamewatoka kama mayai, matumbo yamejitokeza mdomoni. Mwenye samaki alikuwa Bakari Msa, mvuvi wa mshipi, mtu mkimya, baba wa watoto watatu. Akasema, "Mkaguzi, unataka kujua nimewatoa wapi?"

Nikamwambia, "Baada ya swala."

Daftari lilikuwa na safu ya aina ya samaki. Nikaiacha wazi. Safu ya mahali na kina. Nikaiacha wazi. Hali ya macho: yametoka nje. Tumbo: limesukumwa mdomoni. Mvuvi: Bakari Msa. Nikapiga mstari chini, nikakimbia kwenda kutawadha, na nikaipata safu ya pili.

Siku sita baadaye Bwana Barafu alikuja ofisini kwetu akiwa na mkalimani ambaye hakuhitajika, kwani sote tulisoma Kifaransa. Maboksi ya baruti, yale ya kupasulia mawe ya barabara, yalikuwa yamepotea katika ghala lililolindwa na watu wake. Mji mzima ulijua walinzi ndio waliouza. Yeye akataka jina la mvuvi.

Mkuu wangu wa ofisi alimpa daftari kabla hajamaliza kuliomba.

Kidole cha Bwana Barafu kikasimama kwenye mstari wangu. "Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Una hakika?"

Wanangu, hapo palikuwa na mlango. Ningeweza kusema, bwana, safu mbili ziko wazi, kazi haijakamilika. Nilitazama mwandiko wangu, nikauona mzuri. Nikasema, "Nimeandika nilichokiona."

Walimchukua Bakari alasiri ile ile, anashusha kasia. Ngalawa yake waliipiga shoka mbele ya mkewe. Nilisimama pale pale na daftari kwapani.

Asubuhi iliyofuata, Koko Echati aliniwekea samaki mezani kwa kishindo. Koko ni bibi. Sote tulimwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa Mirontsy, jirani kabisa na kwetu, aliyeolewa Moroni na kupasua samaki sokoni tangu kabla sijazaliwa. Hakujua kusoma zaidi ya Qurani. Kisu chake kilikuwa kimelika hadi kimebaki kama sindano.

"Mtazame huyu," akasema.

"Nimemtazama, Koko."

"Umemtazama kama mnavyomtazama bibi harusi wa watu, kwa wizi. Mtazame."

Alikuwa pono, yule wa kijani anayetafuna mawe ya mwamba. Halafu akaweka kando yake mwekundu mmoja, ndugu wa wale wa Bakari. Akapitisha kisu, akatoa jicho la kila mmoja, akayaweka kiganjani mwangu.

"La pono likoje?"

"Dogo."

"La mwekundu?"

Lilijaa kiganja. "Kama kikombe cha kahawa," nikasema.

"Kwa nini Mungu ampe mtu kikombe kikubwa hivyo?"

Nikaligeuza jicho kiganjani.

"Kwa sababu kahawa yenyewe ni tone," akasema. "Huko anakoishi mwanga ni tone. Anatega kikombe kikubwa apate hilo tone. Pono anaishi juani, kikombe kikubwa akitakie nini? Haya. Baruti hutupwa wapi?"

"Kwenye mwamba, kina kifupi, mchana."

"Mwenye kikombe hiki anafanya nini kwenye mwamba mchana? Amekuja kuota jua?"

Akampasua mwekundu. Uti wa mgongo mzima, mgumu. Nyama haijavilia damu. Kibofu cha hewa kimetanuka na kupasuka. Akabonyeza nyuma ya tundu la jicho, na mapovu yakatoka. "Hewa hiyo," akasema. "Alipandishwa haraka kutoka mbali. Hewa ilitanuka tumboni, ikatafuta pa kutokea, ikasukuma macho. Wa baruti ukimshika amelegea kama tambara, mgongo umevunjika, damu imetapakaa kwenye mbavu. Hilo mjinga yeyote analijua. Sasa niambie, kijana wa kwetu, umemfungisha mume wa watu kwa sababu ya nini?"

Nikayarudisha macho mawili mezani.

"Nikuambie mimi," akasema. "Kwa sababu ya safu ya pili. Nilikuona ulivyokimbia, kanzu umeishika mkononi kama mwanamke anayevuka tope."

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii. Sijawahi kuambiwa kweli namna ile.

Nilichukua karatasi nikaandika masahihisho: aina ya samaki, kina, jicho, kibofu, mgongo. Nikampelekea mkuu wangu. Aliisoma yote, akaifungia kwenye mtoto wa meza. "Una mke?" akaniuliza.

"Sina, mkuu."

"Basi tafuta mke, uache kutafuta makubwa."

Niliporudi sokoni Koko Echati aliniona usoni. "Karatasi yako imelala?" Nikasema imelala. "Basi nenda pasipo na mtoto wa meza."

Alimaanisha bangwe. Huo ni uwanja wa wazee wa mji, wenye mabenchi ya mawe, ambapo mambo ya watu huamuliwa. Pale Ngazija mtu aliyemkosea mwana wa mji huja kwa miguu yake, husimama katikati, hulisema kosa lake, na wazee humpa adhabu, mara nyingi ng'ombe au magunia ya mchele. Mgeni hasimami pale kwa hiari. Na siku zile, kusema hadharani kwamba askari wa kukodiwa wamemfunga asiye na hatia, hata mwenyeji hakufanya kwa hiari. Kulikuwa na watu waliochukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri, nimebeba beseni lenye samaki wawili. Maji yalinimwagikia njia nzima. Msemaji wa wazee, mtu mrefu mwenye joho, akasema, "Mnzuani ametuletea mboga." Wakacheka. Nilipofungua mdomo wakacheka tena. Mmoja akaita, "Sema polepole, hapa si Mirontsy." Na kutoka mlango wa kichochoroni, ambako wanawake husikilizia, Koko Echati akajibu, "Mirontsy tungekuwa tumeshamwelewa."

Nikasema, "Nimemshuhudilia uongo Bakari Msa. Sikukusudia uongo, lakini niliandika nusu ya jicho, na nusu ile imemfunga."

Hapo hawakucheka.

Nikawaeleza kama nilivyofundishwa. Nikawaambia habari ya jiwe na mayai yenye macho. Kwamba samaki huanza na jicho la mwangani, na ashukapo kilindini jicho hukua na kubadilika lifanane na giza la huko. Nikawaambia samaki hana kope, na mboni yake haijikunji kama yetu. Akihama kati ya mwanga na giza, weusi ulio nyuma ya jicho husogea polepole, na huchukua muda mrefu kuzoea. Nikawaambia kilindini rangi nyekundu haionekani, kwa sababu mwanga unaofika huko ni wa buluu peke yake, na ndiyo maana mwekundu huyu huko chini ni mweusi, amejificha ndani ya wekundu wake. Niliwapitishia macho mawili mkononi, wakayapokea mmoja baada ya mwingine, wazee wenye majoho, wakapima la pono na la mwekundu.

Koko akanikatiza mara mbili. "Waambie mapovu." Nikawaambia mapovu. "Waonyeshe mgongo, si maneno." Nikawaonyesha mgongo.

Katikati ya maelezo askari wawili wa kukodiwa walitokea mdomoni mwa kichochoro wakasimama. Nilikatiza maneno. Nilimtazama msemaji. Naye, bila kugeuza shingo, akasema, "Endelea. Tuko kwenye jicho." Nikaendelea.

Nilipomaliza nikauliza adhabu yangu. Wazee walinong'onezana. Msemaji akasema, "Ng'ombe tunao. Wewe utayasema haya haya mahali popote na kwa yeyote atakayekuuliza, hadi ufe. Ukinyamaza siku moja, tutakudai."

Ndiyo sababu nyingine ya karatasi hii.

Siku iliyofuata Bwana Barafu alikuja kwenye meza yangu sokoni. Hakuja na mkalimani. Akachokonoa mwekundu kwa fimbo.

"Nimesikia umekuwa profesa," akasema.

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba kulikuwa na makosa, na makosa ni yangu. Nilimweleza jicho. Nilidhani, wanangu, na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, nilidhani kwamba alikuwa hajui kama mimi nilivyokuwa sijui. Nilidhani nikimweleza vizuri atasema, kumbe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mimi nimezaliwa pwani. Baba yangu alikuwa mvuvi. Unadhani ninahitaji Mwafrika anifundishe samaki wa kilindini?"

"Kwa hiyo ulijua?"

"Siku ile ile."

"Basi kwa nini Bakari?"

"Maboksi yamepotea. Lazima awepo mtu." Akainua bega. "Na wewe ulinipa mtu, kwa mwandiko mzuri."

Akachagua samaki wawili, akaondoka. Msiwasikilize watu wakiwaambia uzembe ni kosa dogo. Yule aliyejua alikuwa amekaa akimsubiri asiyejua amfanyie kazi. Uongo wake ungehitaji mashahidi, muhuri, na siku nyingi. Mimi nilimpunguzia yote kwa safu mbili zilizoachwa wazi.

Wiki ile ile nilipata barua ya kurudishwa Nzuani. Lakini kabla sijapanda chombo niliona jambo ambalo namshukuru Mungu kwa kuliona. Wazee wa bangwe walivaa majoho yao ya harusi, yale ya nyuzi za dhahabu, wakaenda kukaa mbele ya lango la kambi. Hawakupiga kelele. Walikaa chini, wakasoma Yasini, wakaondoka wakati wa magharibi. Kesho yake wakaja tena, na kesho yake. Wale askari walijua kuwapiga vijana. Hawakujua la kufanya na wazee themanini waliovaa kama maharusi na kukaa kimya. Siku ya tano lango lilifunguliwa, Bakari Msa akatoka.

Nilimwendea nyumbani. Katika dini yetu haki ya Mungu unaweza kuiombea toba usiku na mchana, lakini haki ya mja mwenzako hailipwi kwa sijda. Lazima umwendee mwenyewe. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima.

Alikuwa amekaa barazani. Mkono wa kulia aliuweka juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine. Vidole viwili havikujikunja tena. Mvuvi wa mshipi, wanangu, husikia samaki kwa vidole hivyo. Mshipi unashuka kina kirefu sana, na kinachomwambia samaki amegusa chambo ni kidole tu.

Hotuba yangu ilipotea. Nikasema, "Bakari, nisamehe."

Mkewe alileta kahawa, akaiweka mbele yangu bila kunitazama.

"Nilikuuliza kama unataka kujua nimewatoa wapi," akasema Bakari.

"Ndiyo."

"Ukasema baada ya swala."

"Ndiyo."

"Nilikungoja pale mezani. Nilikosa khutba nikikungoja. Ulipotoka msikitini ulipita upande mwingine, na wazee."

Sikulijua hilo. Sikuwahi kulijua. Nililia mbele ya mke wake, na sikuona haya.

Ndipo akasema, "Kunywa kahawa. Mimi nimekusamehe, Mungu shahidi. Ulisimama bangweni na lafudhi yako ile, wamenisimulia." Mdomo ulimcheza kidogo. Halafu ukakazika. "Lakini yule mzungu ni wangu. Mkono ni wangu, ngalawa ni yangu, na yeye ni wangu. Usije siku moja ukamsamehe kwa niaba yangu. Wewe ni mtu wa dini, nawajua, mnapenda kusamehe. Huyo usimguse."

Nikamwahidi.

Bakari alikufa miaka mingi baadaye, hajapanda ngalawa tena. Bwana Barafu aliondoka na wenzake walipoondoka, mzima, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hata moja. Baadaye sana, siku moja ya Ijumaa hapa Mutsamudu, khatibu kijana, mwema, mwenye sauti nzuri, alitutaka sote tunyanyue mikono tuwasamehe waliotudhulumu zamani, mioyo ipumzike. Msikiti mzima ukanyanyua mikono. Mimi ni mtu wa subira, na nimesamehe wengi: mkuu wangu wa ofisi, waliocheka, na nafsi yangu kwa shida. Siku ile niliiacha mikono yangu juu ya mapaja. Jirani alinigusa kiwiko, akidhani nimesinzia. Nikatikisa kichwa. Sikuwa na ruhusa.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe jicho linalotosha mahali alipokuweka, akuepushe na haraka mbele ya jina la mtu, akulipie wema kwa kumvumilia mzee mwenye hasira, na siku utakayoitwa kushuhudia, ulimi wako na mkono wako viseme yote uliyoyaona. Amin.